Khabari za Mwalimu na Waya Usioguswa

Enyi nyote mliowahi kujikwaa sebuleni mwenu wenyewe, mkaachia neno lisiloandikika, kisha mkageuka upesi kuangalia nani amesikia, jongeeni, wekeni chini mlivyoshika, mnitegee masikio. Nawaletea khabari za Jumamosi moja, tangu saa mbili za asubuhi hata saa kumi na dakika saba za alasiri, siku ambayo Mwalimu wa Jiografia, mwana wa Fundi Saa, Mshika Bisibisi, Mwenye Miwani Iliyofungwa kwa Uzi, aliingia vitani na nyaya za umeme za nyumba yake, akazishinda, akazifunga, akazificha zisionekane tena juu ya uso wa sakafu. Nami ninayeandika ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, niliyekuja kukaa wiki mbili na sasa ni mwezi wa saba. Yote niliyaona kwa macho yangu kutoka kwenye kochi, wala hakuna shahidi aliyeona mengi kuliko mimi, maana sikuwa na shughuli nyingine.

Naiomba kalamu yangu isikauke kabla ya soketi ya mwisho. Naiomba kumbukumbu yangu inirudishie plagi zote kumi na saba bila kuchanganya. Na namwomba dada yangu, akifika kwenye habari ya rimoti ya televisheni, asininunie.

Kwanza mjue hali ya nchi kabla ya vita. Nyumba ile ilijengwa na marehemu baba yake Mwalimu katika zama ambazo sebule ilihitaji taa moja na soketi moja, na redio ikiwashwa, pasi ilisubiri. Kisha vitu vikaja. Ikaja televisheni na king'amuzi chake, ikaja feni, likaja friji ambalo halikuenea jikoni likapewa uraia wa sebuleni, likaja cherehani la umeme la dada yangu, ambaye ni fundi wa nguo, na zikaja chaja tisa, nne kati yake zikiwa za simu zilizokwisha kuaga dunia. Soketi ikabaki ile ile. Ikanunuliwa ekstensheni, na ekstensheni ikachomekwa ekstensheni, na ile ya pili ikabeba ya tatu, ikapita chini ya zulia, ikaibukia nyuma ya kochi, hapo hapo ninapolaza kichwa. Chini ya kabati la televisheni nyaya zilikuwa zimekumbatiana kiasi kwamba mtu akidondosha kijiko pale, alikwenda kuchukua kingine.

Lakini hizo zote zilikuwa raia tu. Juu yao alitawala mfalme, naye ni waya mmoja mweupe, mwembamba, uliotoka nyuma ya kabati, ukakatiza mlango wa sebule kutoka msumari hadi msumari, vidole viwili juu ya sakafu, kisha ukaingia tundu la ukuta kuelekea jikoni. Miaka kumi na miwili iliyopita, Mzee Fundi Saa, mtu asiyependa kurudia neno, aliunyooshea kidole mbele ya watoto wake wawili akasema, "Waya huu asiuguse mtu." Akavaa kofia akaenda kazini. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Tangu siku hiyo kila apitaye mlango ule aliinua mguu wa kushoto juu kidogo, kama anaruka dimbwi, kisha wa kulia ukafuata. Mimi nilijifunza siku ya kwanza, kwa pua. Mzee mwenyewe aliinua mguu kwa miaka minane, mpaka alipofariki, na alipokwisha kufariki waya ule ukawa na heshima maradufu, kwa kuwa aliyejua siri yake hakuwapo tena. Dada yangu alishikilia kwamba ndio unaolisha friji. Mwalimu alifundisha kwamba unapeleka radi ardhini.

Ikawa mwaka jana Mama, mjane wa Mzee, aliinua mguu pungufu ya unavyotakiwa. Akaanguka, nyonga ikavunjika. Dada Mkubwa wa Mwalimu, ambaye ni muuguzi mkuu wa wodi ya mifupa na huongea na binadamu wote kama wagonjwa waliokataa dawa, alikuja na gari akamchukua mama yake akamweka kwake, kwenye nyumba yenye vigae vinavyong'aa na vishikizo ukutani. Huko Mama alipona, akapewa fimbo, akaanza kuuliza atarudi lini nyumbani kwake. Muuguzi akatoa amri kwa simu, na simu ilikuwa imewekwa spika, kwa hiyo niliisikia neno kwa neno.

"Jumamosi saa sita namleta. Nikikuta waya mmoja tu sakafuni, mmoja, sizimi hata gari. Nageuza naye, na habari za kurudi zimeisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Dada. Na waya wa Baba?"

"Wa Baba usiuguse. Baba alisema."

"Sasa Dada, nisiuguse na usiwepo?"

"Si wewe ndiye msomi? Fikiria," akasema, akakata simu.

Msicheke. Mwalimu alikuwa amemkosa mama yake kwa mwaka mzima. Kiti cha Mama chenye mikono, karibu na dirisha, hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata mimi, na mara nyingi nilimwona Mwalimu akikipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Alitaka mama yake arudi kitini pale, basi, wala hakutaka kingine.

Ikapambazuka Jumamosi. Saa mbili kamili shujaa akajitokeza katika mavazi yake ya vita, yaani fulana yenye tundu begani na kaptula ya michezo ya shule, akapanda juu ya stuli, akainua bisibisi kuelekea dari, akahutubia.

"Enyi nyaya! Enyi mliojitwalia sakafu ambayo baba yangu aliimimina kwa jasho! Siku zenu zimehesabiwa! Mlianza mkiwa wawili, tukawavumilia. Mkawa kumi, tukawaruka. Leo nasema imetosha! Hapana waya utakaolala kifudifudi mbele ya kabati hili jua likifika utosini! Nani yuko pamoja nami?"

Dada yangu, mwenye pini tatu mdomoni, akamjibu, "Baba, shuka kwenye hiyo stuli, ina mguu mbovu."

Akashuka. Mimi nikainua mkono kutoka kwenye kochi kuonyesha kwamba niko pamoja naye kwa moyo.

Naye, kwa kuwa ni mtu wa Jiografia, hakukurupuka. Kwanza alichora ramani. Akapiga magoti na karatasi ya mtihani wa kidato cha pili iliyokuwa wazi upande mmoja, akaanza kuchora kutoka chanzo, ndiyo ile soketi ya ukutani, akashuka na mto mkuu, akaandika vijito, akatia alama ya mahali maji yanapopotelea chini ya zulia, na penye chaja tisa akaandika "delta". Ilimchukua saa nzima na dakika ishirini. Ilikuwa ramani nzuri, lazima niseme. Kisha akashusha bati kubwa la biskuti kutoka juu ya kabati, ghala la silaha la marehemu baba yake, ambamo mlikuwa na koleo, misumari, skrubu za saa, utepe mweusi, kengele ndogo ya shaba, na kitufe cheupe ambacho hakuna aliyejua ni cha nini. Akachukua koleo. Akazima swichi kuu. Nyumba ikanyamaza, friji likatoa pumzi ndefu, likatulia.

Na hapo shujaa wetu, kwa pupa ya ushindi, akatenda kosa lililokaribia kuitia historia hii doa. Alizishika plagi zote kumi na saba akazichomoa moja baada ya nyingine, tap tap tap, akazitupa nyuma yake bila kugeuka, akipaza sauti, "Chukua hiyo! Na hiyo!" Alipokwisha akageuka. Akaziona zimelala rundo. Zote nyeusi. Akaitazama ramani. Ramani ilikuwa imechora mito yote vizuri kabisa ila haikuwa imeandika jina la hata mto mmoja.

"Shemeji," akaniambia kwa sauti ndogo, "feni ni ipi?"

"Nyeusi," nikamjibu.

Ilikuwa saa nne kasorobo. Nawaambieni ukweli, nilimwona anakaa chini katikati ya rundo lile, anavua miwani, anaipangusa kwa fulana, anaivaa tena, na rundo halijapungua. Akasema, "Mama harudi." Hakusema kwa sauti ya kuhutubia.

Ndipo dada yangu, Malkia wa Pindo, akatema zile pini akaziweka kwenye kifuko chake, akaja na mfuko wa vipande vya nguo. Mafundi wa nguo wana desturi yao: nguo ya kila mteja hufungwa kitambaa cha rangi yake, ili gauni la bi harusi lisije likaondoka na mpima ardhi. Akashika waya mmoja kwenye plagi, akaupitisha kati ya vidole viwili kama anayefuata mshono, akafika mwisho bila hata kutazama. "Feni," akasema, akaufunga kitambaa chekundu. Akashika mwingine. "Televisheni. Bluu. Huu friji, kitambaa cheupe. Huu king'amuzi. Huu…" akauvuta mpaka mwisho, akatoka na chaja ya simu ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado naota ndevu. "Huu takataka." Takataka zikawa nne. Mwalimu akafuata nyuma yake akifupisha waya kwa kuukunja na kuufunga katikati kwa vibanio vya plastiki, kwa ari kubwa hata akafungia humo na pindo la fulana yake mwenyewe, ikabidi aokolewe kwa mkasi. Ekstensheni ya tatu ikavuliwa madaraka. Ya pili ikafuata. Ile ya kwanza ikapigiliwa nyuma ya kabati, juu, mbali na macho na miguu.

Ukabaki mto mkuu, kutoka soketini hadi kwenye kabati, hatua tano za ukuta mtupu, na ndani yake nyaya nne zilizoning'inia. Zilihitaji vazi la kuzifunika. Dada yangu aliutazama ukuta, akamtazama mumewe, akaingia chumbani, akatoka na suruali ya kijivu.

Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. "Mke wangu! Si hiyo! Hiyo ndiyo suruali niliyokuolea! Ndani ya miguu hiyo nilisimama mbele ya baba yako na ami zako saba nikatetemeka bila kuonekana! Hiyo si nguo, ni ushahidi!"

"Hujaivaa tangu kiuno chako kilipobadili mawazo," dada yangu akamwambia. "Na rangi yake ndiyo hii hii ya ukuta. Unamtaka mama yako au unaitaka suruali?"

Shujaa akaishika suruali, akaikunjua mara ya mwisho, akanusa mfuko mmoja, sijui kwa nini, akamkabidhi. Miguu miwili ikakatwa, ikaunganishwa kuwa mkono mmoja mrefu wenye vifungo chini. Kwa kuwa umeme ulikuwa umezimwa, dada yangu alilizungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, mshono baada ya mshono, mpaka mwisho. Nyaya zikavishwa suruali zikapigiliwa juu ya ubao wa ukuta. Ukitazama kutoka kwenye kochi huoni kitu, ila ukijua pa kutazama utaona zipu.

Ikawa saa tano na nusu. Sakafu yote ilikuwa safi, isipokuwa mlangoni, ambako Waya Usioguswa ulikuwa ungali pale pale, vidole viwili juu ya sakafu, ukitungoja.

Mwalimu akausimamia na koleo mkononi. Mimi, kwa mara ya kwanza siku ile, niliinuka, nikamshikia tochi. Naomba jambo hilo liandikwe.

"Baba," akasema Mwalimu, "mimi ni mwanao. Sikuwahi kuvunja neno lako, isipokuwa lile la kusoma sheria. Leo neno lako liko upande huu, na mama yangu yuko upande ule, na katikati pana huu waya. Nifanye nini?"

"Alisema usiguswe, sivyo?" akauliza dada yangu.

"Usiguswe."

"Mwaka huu peke yake mimi nimeugusa kwa kidole gumba cha mguu mara nane. Mama aliugusa mpaka akavunjika nyonga. Waya gani tena huo usioguswa?"

Hoja ile ilimwingia. Akaliweka koleo chini, maana kukata asingeweza, akapiga magoti, akaufuata waya kwa vidole viwili kama alivyofundishwa asubuhi ile na mkewe. Akaenda nao nyuma ya kabati. Tochi ikamulika. Mwisho wa waya ulikuwa hewani, umevishwa utepe mweusi kichwani, haukushika kitu. Akarudi nao, akavuka mlango, akaingia jikoni, akapanda juu ya rafu ya masufuria. Mwisho wa pili ulikuwa umezungushwa kwenye msumari, basi, haukushika kitu.

Tukatazamana, watu wazima watatu. Miaka kumi na miwili ukoo mzima ulikuwa umeuinulia mguu waya usiotoka popote wala kwenda popote. Honi ikalia nje. Mwalimu akauvuta waya wote, akaukunja mviringo, akauweka juu ya sinia, akaufunika kitambaa safi, kwa kuwa hakujua ni wapi pengine pa kuuweka.

Muuguzi aliingia peke yake kwanza. Gari lilikuwa linanguruma nje, na Mama amekaa ndani yake na mkoba mapajani. Hakusalimia. Aliburuta soli ya kiatu kutoka ukuta hadi ukuta, akainama chini ya kabati, akainua pembe ya zulia, akapitisha mkono nyuma ya kochi, akatoka na soksi yangu, akaitazama, akanitazama mimi. Kisha akafika mlangoni, na mguu wake wa kushoto ukajiinua wenyewe. Akasimama hivyo, mguu hewani, akatazama chini.

"Waya wa Baba uko wapi?"

Mwalimu akafunua sinia. Muuguzi akaliinamia. "Umeugusa," akanong'ona. "Baba alisema, na wewe umeugusa. Namrudisha Mama. Nyumba isiyosikia neno la…"

"Mnarudisha nani?" ikasikika sauti nyuma yake. Mama alikuwa amechoka kungoja. Aliingia na fimbo yake, polepole, tukamwamkia wote, akaitikia, akafika mlango wa sebule, akasimama, akainua mguu wa kushoto, akavuka kitu kisichokuwapo. Kisha akaliona sinia.

"Ah! Ile kengele!"

"Kengele gani, Mama?"

"Ile ya baba yenu. Alisema ataniwekea kitufe chumbani na kengele jikoni, nikitaka kitu nibonyeze, nisipige kelele nyumba nzima. Nikamwambia mdomo wangu unatosha. Akanyoosha waya, akasema msiuguse mpaka amalize. Saa ile ile akaitwa kazini, saa ya ukutani ya shule imesimama. Akasema atamalizia kesho."

"Hakusema mpaka amalize," akasema Muuguzi.

"Aliniambia mimi. Ninyi mlikuwa wepesi wa kutii kuliko kuuliza."

"Sasa mbona naye aliuruka miaka yote hiyo?" Mwalimu akauliza.

"Nilimwuliza. Mwaka wa tatu nikamwambia, mzee, huu waya ni wa nini siku hizi? Akasema, sijui, waulize watoto, naona wanauheshimu sana." Mama akaanza kucheka, ikabidi apewe kiti, na kiti kilikuwa tayari, kimepanguswa. Akakaa. "Nami nikadhani ni wa intaneti."

Muuguzi alitoka nje. Tukasikia gari linazimwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana saa kumi ilikuwa imekaribia. Swichi kuu ikawashwa, bati la biskuti likashushwa tena, na kitufe cheupe kikajulikana ni cha nini. Mwana wa Fundi Saa akaupeleka waya ule ule kwenye pembe ya ukuta, juu, akaupitisha ndani ya mguu wa suruali yake, akautokeza chumbani kwa Mama, kando ya mto wa kulalia, na kengele akaitundika jikoni. Betri mbili zilihitajika. Zilipatikana katika rimoti ya televisheni, na aliyezitoa ni mimi, kwa mkono wangu, mechi ikiwa inaanza. Historia na ipime nani alipoteza zaidi siku ile, yeye na suruali yake au mimi.

Saa kumi na dakika saba za alasiri, wote tukiwa jikoni, kengele ya shaba ililia. Tulikimbia wote, shujaa mbele, Muuguzi nyuma yake, dada yangu na pini mdomoni, nami nikafuata, na mlangoni kila mmoja akaruka juu. Tukamkuta Mama amekaa kitandani, kidole bado kiko juu ya kitufe, anasikiliza.

"Unataka nini, Mama?" Mwalimu akauliza, akihema.

"Sitaki kitu," akasema. "Nasikiliza tu." Akabonyeza mara nyingine, akatikisa kichwa taratibu. "Haya. Amemaliza. Sasa mnaweza kuugusa."

Basi jueni, na watakaokuja nyuma yenu wajue, kwamba sebule moja ilikombolewa, nyaya kumi na saba zikatiishwa, na mjane akarudi nyumbani kwake, kwa mkono wa Mwalimu wa Jiografia, ambaye mpaka leo huinua mguu mlangoni. Nasi wote huinua.